Sato ameisha na mteja ameshanawa: jibu kwa mwenye mgahawa wa Mwanza

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nina mgahawa wa meza kumi na mbili hapa Mwanza, karibu na maofisi. Chakula chetu hakina lawama, wateja wenyewe wanakisifia. Ila kila mchana lazima patokee kelele: mtu kasubiri kumbe alichoagiza kimeisha, oda ya WhatsApp imesahaulika, bili imebishaniwa. Juzi mtu katuandikia Google "huduma mbovu", katupa nyota moja. Wahudumu wangu si wakorofi, ni watoto wazuri tu. Nataka kuwapeleka kozi ya huduma kwa wateja, na ikibidi wasome na Kiingereza. Nianzie wapi? Huyu wa Google nimjibu vipi? Halafu mwezi ujao ni lazima nipandishe bei, na naogopa hata kulisema. (Mama wa Mgahawa, Mwanza)

JIBU: Marahaba, mama, na pole na pilikapilika za mchana.

Hela ya kozi iweke kwanza. Kwa ulivyonieleza, wahudumu wako hawajapungukiwa tabasamu, wamepungukiwa habari. Sato ameisha saa saba kasoro. Mpishi anajua, wa kaunta anajua, hata kijana anayeosha vyombo anajua. Aliye mezani ndiye hajui, na anaandika sato wengine watatu. Mteja ananawa, anasubiri nusu saa, ndipo anaambiwa. Hapo hata mhudumu awe na diploma ya hoteli, atasemwa tu. Nimefundisha wahudumu kwa miaka mingi, na ugomvi ninaoitwa kuutazama ni mara chache sana utokane na mtu kukosa alichokitaka. Watu wetu wamezoea kukosa. Kinachowaudhi ni kuambiwa wakati ambapo hawawezi tena kufanya lolote: ameshanawa, muda wa mapumziko umekwisha, ameshawaahidi wenzake ofisini kwamba chakula kinakuja, au ameshakula ndipo anaiona bei.

Jipime kesho. Ikifika saa saba mchana mwite mhudumu yeyote, umuulize: sato wamebaki wangapi? Ndizi nyama bado zipo? Kuku wa kienyeji akiagizwa sasa hivi atatoka baada ya dakika ngapi? Akikimbilia jikoni kuuliza, ugonjwa umeupata.

Dawa yake ni ubao na chaki. Utundike pale wahudumu wanapochukulia sahani, si ofisini kwako. Saa tano na nusu, kabla watu hawajaanza kumiminika, wote wakusanyike hapo dakika kumi, wamesimama. Msemaji awe mpishi: leo kuna nini, sahani ngapi, kipi kinachelewa, kipi kina nazi, kipi kina karanga. Kila mhudumu aonje kijiko kimoja. Asiyeonja, mteja akimuuliza kama mchicha una karanga, atajibu "sidhani", na wapo watu ambao karanga kidogo tu inawafunga pumzi. "Sidhani" isisikike kabisa mezani pako. Mhudumu aseme "ngoja nikamuulize mpishi", aende kweli, arudi na jibu.

Halafu idadi. Sato wapo kumi na wanane, andika 18. Kila oda ikiingia, aliyeileta apunguze moja. Wakibaki watatu, hakuna kuandika sato bila kuuliza jikoni kwanza. Wakiisha, mpishi apaze sauti, "Sato kwisha!", na kila aliye zamu aitikie, "Sato kwisha!" Kuitikia ndiko kunakofanya kazi hapa. Asiyeitikia hesabu kwamba hajasikia, mpishi arudie. Vijana wataona aibu siku mbili za mwanzo na watacheka, waache wacheke. Majiko makubwa yameishi hivyo zamani sana. Mfaransa Auguste Escoffier, aliyeanza kazi katika hoteli ya Savoy ya London mwaka 1890, alisifika kwa kuligawa jiko katika vitengo vyenye wakuu wake, na katika jiko la mtindo huo yupo mtu ambaye kazi yake ni kupaza sauti oda zinapoingia. Wewe wa meza kumi na mbili huhitaji kumwajiri mtu huyo, ila desturi yake ichukue.

Sheria ya ubao inakuhusu wewe kuliko wote, mama. Nimeona migahawa mingi ambamo anayevuruga hesabu ni mwenye mgahawa: rafiki yake kaingia, naye mwenye mgahawa kapita mlango wa nyuma, kamchukulia sato wawili wa mwisho bila kufuta kitu, kisha anamfokea mhudumu mbele ya wateja kwa kuuza kisichokuwepo. Ukichukua, futa.

Na menyu yenyewe isiahidi kila siku kitu ambacho ziwa halitoi kila siku. Wewe ni mtu wa Mwanza, unalijua hili kuliko mimi: dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, mbalamwezi ikiwa kali wanaadimika. Sasa kwa nini menyu iliyochapwa iseme "dagaa wabichi" siku zote thelathini? Vitu vya msimu vitoe kwenye menyu ya kuchapwa, viandikwe kwenye ubao wa pili ulioelekea wateja. Mteja akiona hakijaandikwa, hakiulizi.

Hata kwa ubao mzuri kiasi gani, kuna siku mambo yataharibika, na hapo ndipo maneno yanahitajika. Mhudumu asiende mezani na neno "kimeisha" peke yake. Aende na kilichopo na dakika zake: "Samahani baba, sato ndio ameisha. Sangara wa nazi yuko tayari kabisa, na kuku wa kukaanga ni dakika kumi na tano. Nikuletee kipi?" Apeleke habari hiyo mara tu anapoijua, bila kungoja aitwe. Ukiona wateja wako wanapiga makofi au wanapiga miluzi kuita wahudumu, usiwalaumu malezi yao. Wamejifunza kwamba bila hivyo hakuna anayekuja.

Dakika zitajwe kwa namba. "Inakuja" na "bado kidogo" zimeshatumika mno, hakuna anayeziamini. Mwambie mpishi akupe muda wa kweli wa kila chakula kinachopikwa baada ya kuagizwa, kisha mezani muongeze dakika tano. Ukisema ishirini na tano ukaleta kwa ishirini, umemfurahisha. Ukisema kumi ukaleta kwa ishirini, umemkosea, na samaki ni yule yule.

Kwa sato kuna jambo moja zaidi. Bei yake inakwenda kwa ukubwa, na bili nyingi za samaki hubishaniwa kwa sababu mteja alikuwa na sato mmoja kichwani na jikoni kakaangwa mwingine. Mpelekee samaki akiwa mbichi kwenye sinia, na bei itajwe hapo hapo: "Huyu elfu kumi, huyu elfu kumi na tano." Akishachagua kwa macho yake hatabisha.

Oda ichukuliwe kwa maswali yote kwa mara moja. Ugali au wali? Sembe au dona? Samaki wa kukaanga au rosti? Pilipili iwe pembeni? Mhudumu anayerudi mezani mara tatu anaonekana hajui kazi, kumbe amesahau swali moja tu. Mwisho amsomee mteja alichoandika, neno kwa neno, na karatasi iwe na namba ya meza. Nunua vile vitabu vya nakala mbili vya dukani: moja iende jikoni, moja ibaki kaunta. Bili inapobishaniwa, unafungua kitabu, hufungui kesi.

Namna ya kumwita mteja watu hulipuuza, nami sioni kama ni dogo. Mzee apewe shikamoo yake, hata kama kavaa kaptura. "Bosi" kwa kila anayeingia inachosha. "Mrembo" na "mpenzi" zipige marufuku, wateja wa kike hawazipendi ingawa wengi hawasemi. "Dada" inatosha, na "mama" kwa aliye na umri wa kuitwa hivyo. Mgeni wa nje aitwe "mgeni wetu", asiitwe "mzungu" huku anasikia.

Sasa oda za ofisini. Hapo nadhani unapoteza hela nyingi kuliko mezani, kwa sababu oda moja iliyosahaulika ni watu wanane wenye njaa, na kesho wote wanahamia kwa jirani. Simu ya oda iwe moja, namba yake isiwe yako binafsi, na kila zamu iwe na mtu mmoja mwenye dhamana nayo. WhatsApp ya biashara ni bure, na inakuruhusu kuweka ujumbe unaojituma wenyewe mkiwa mmefunga, na majibu ya mkato kwa maswali yanayojirudia. Saa nne asubuhi tuma menyu ya siku pamoja na bei, gharama ya kifungashio, nauli ya bodaboda, na saa ya mwisho kupokea oda. Hizo mbili za katikati ndizo zinazofichwa, na ndizo zinazoleta maneno mlangoni.

Oda ikiingia, jibu lisiwe "sawa" wala kidole gumba. Irudie yote kwa maandishi: "Tumepokea: wali samaki 3, ugali nyama 2, ndizi 1 bila pilipili. Jumla 46,000 pamoja na boda. Itafika saa sita na nusu, ghorofa ya pili. Nani atalipa?" Akiagiza kwa sauti iliyorekodiwa, iandike, umrudishie asome. Hapo ndipo makosa yanakamatwa kabla sufuria haijaguswa. Na anayekuja kuchukua oda mwenyewe aambiwe mapema mwisho wa kuja. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili kwenye joto la kawaida. Kwa hiyo kilichofungwa saa sita mchana hakifai kukabidhiwa saa kumi, hata kama kimelipiwa. Hilo aambiwe wakati wa kuagiza, si anapokuja.

Usiwaingize watu kwenye kundi la matangazo bila kuwauliza. Wanaudhika, na kwa Tanzania kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Namba uliyopewa kwa ajili ya oda haikuwa ruhusa ya kila kitu. Orodha ya matangazo ya WhatsApp yenyewe humfikia tu aliyehifadhi namba yako, kwa hiyo waombe wateja wa kila siku waihifadhi, basi.

Malipo kwa simu: bandika lipa namba mahali panapoonekana, na chini yake jina litakalotokea kwenye simu ya mteja. Jina likiwa tofauti na la mgahawa, mtu mwangalifu atasita, na ana haki. Uthibitisho uwe ujumbe ulioingia kwenye simu yenu, kamwe usiwe ule anaokuonyesha mteja kwenye yake, maana ujumbe wa kughushi upo mwingi. Lakini lisemwe kwa heshima. "Haijaingia" kwa sauti ya juu ni kumwita mtu mwizi mbele za watu. "Asante, nasubiri ujumbe upande wetu, dakika moja tu" inafanya kazi ile ile. Na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, itoke bila kuombwa. TRA, mamlaka ya mapato, wanasema ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti; mteja asifike kwenye kudai.

Daftari la mikopo hukuliuliza, lakini nina hakika unalo, kila mgahawa wa karibu na maofisi unalo. Tatizo lake si deni, ni ukimya. Mhudumu anaona aibu kukataa, wewe unaona aibu kudai, mteja anaona aibu kupita mbele ya mgahawa wako, na mwisho umepoteza vyote viwili, hela na mtu. Ruhusa ya kukopesha iwe yako peke yako, na wahudumu walijue jibu moja: "Hilo ni la mama mwenyewe, ngoja nimwite." Utakayemkopesha mwambie siku hiyo hiyo kikomo ni kiasi gani na tarehe ya kulipa. Kila Ijumaa mtumie salio lake, iwe amechelewa au hajachelewa: "Habari kaka, salio lako hadi leo ni 21,000. Karibu sana." Ujumbe unaokwenda kwa wote kila wiki haumdhalilishi mtu. Unaokwenda kwa mmoja tu, baada ya miezi miwili, umeshakuwa ugomvi.

Mteja akilalamika kuhusu chakula, sahani iondoke mezani kwanza, maneno baadaye. Hakuna kuichunguza mbele yake, hakuna kumleta mpishi ajitetee. Mpe mhudumu mamlaka madogo: abadilishe sahani au atoe soda bila kuja kukuomba. Mteja mwenye unywele kwenye wali hataki kusubiri kikao. Na ukimwonya mhudumu, iwe nyuma, wateja wakishaondoka.

Maswali mengine ya kila siku yawe na jibu moja kwa wafanyakazi wote: choo kiko wapi, naruhusiwa kuleta kinywaji changu, mnafunga saa ngapi. Lakini moja nalitilia mkazo, la nyama halali. Jibu liwe la kweli tupu: nani anachinja, mnanunua wapi, na kama kitimoto kinaingia jikoni mwenu, je, mafuta na visu ni mbalimbali? Kama si mbalimbali, sema si mbalimbali. Utapoteza mteja mmoja leo. Ukidanganya na ikajulikana, utapoteza msikiti mzima.

Huyu wa Google sasa. Kabla ya kuandika, uliza wahudumu siku hiyo kulitokea nini. Kisha jibu kwa ufupi, kwa lugha aliyotumia yeye, bila kujitetea na bila kumwambia katumwa na washindani, hata kama unashuku hivyo. Mfano: "Asante kwa kutuambia. Ni kweli siku ile ulisubiri ndipo ukaambiwa samaki ameisha, tunaomba radhi. Sasa wahudumu wanajua idadi iliyobaki kabla ya kupokea oda. Ukipita tena, uliza mwenye mgahawa, nitakuhudumia mwenyewe." Ila usiandike hilo la idadi mpaka ubao uwe umeshatundikwa kweli. Anayesoma jibu lako si yeye peke yake, ni mgeni wa kesho anayetafuta pa kula. Usiwatume wahudumu na ndugu zako wakupe nyota tano. Google hawaruhusu, na wasomaji wanazitambua. Waombe wateja halisi walioridhika, wakati wanalipa. Ukiwa humo, rekebisha na saa zako za kufungua, hasa kwa Ramadhani na sikukuu. Mtu aliyefuata ramani akakuta mmefunga ataandika nyota moja bila hata kuonja.

Bei itangaze kabla, wiki mbili au moja. Karatasi ndogo kaunta na ujumbe kwa wateja wa ofisini: "Kuanzia tarehe 1, wali samaki utakuwa 9,000 badala ya 8,000. Mafuta na mchele vimepanda. Wali maharage unabaki bei ile ile." Sentensi moja ya sababu inatosha, usiandike hotuba ya uchumi. Acha chakula kimoja cha bei nafuu bila kukigusa, kwa ajili ya wale ambao elfu moja ni nauli ya kurudi nyumbani. Menyu ichapwe upya; bei iliyokatwa kwa kalamu na kuandikwa nyingine juu yake inamfanya mteja ajiulize kesho itakatwa tena. Na ile njia ya wengi, ya kuacha bei ilivyo na kupunguza kipande cha samaki kimya kimya, usiifuate. Mteja wa kila siku anakijua kipande chake kwa macho. Hatakwambia kitu, ataacha tu kuja.

Kiingereza kinafaa, ila si kwa wote. Mwanza inapitisha wageni wanaokwenda Serengeti kwa lango la Ndabaka na wanaovuka kwenda kisiwa cha Saanane, na baadhi yao watakula kwako. Chapa menyu yenye picha, majina ya vyakula yabaki ya Kiswahili, na chini yake maelezo mafupi ya Kiingereza: ni nini, kimepikwaje, kina karanga au pilipili. Kisha mchague mhudumu mmoja anayependa lugha, umlipie yeye masomo. Wenzake wajue tu kumkaribisha mgeni, kumpa menyu, na kumwita huyo mmoja. Siku akiwa mapumziko, liandikwe na hilo kwenye ubao wa saa tano na nusu.